Kila Kiti na Mwenyewe

Karakana,
4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya karakana nzima, nachukua nafasi hii kukutangazia rasmi kwamba paka wetu amehama. Hakufa, hakupotea, wala hakuibwa. Amehamia kwa kinyozi, mlango wa pili kutoka kwetu, na tangu wiki iliyopita analala juu ya taulo safi akinitazama dirishani kama mtu aliyepata kazi yenye mshahara. Kinyozi anaapa hakumshawishi. Wifi yako anasema paka ana haki ya kukaa mahali pasiponuka gundi, na kwamba isingekuwa ndoa, naye angemfuata.

Mengine ni mema. Cherehani ya ngozi uliyoninunulia kwa kiinua mgongo chako inashona bila kulalamika, tofauti na anayeishika. Kazi zipo tele. Viti vya watu vimejaa mpaka napita kiubavu, na tumbo langu, unalijua, halina ubavu.

Halafu, kabla sijasahau, Ofisi ya Kodi imeniandikia. Bahasha tatu za kaki. Nadhani wananisalimia tu, maana kile kidogo changu huwa nakilipa kila mwaka. Sijazifungua kwa sababu mikono yangu ina gundi. Zimetulia chini ya ndoo ya misumari.

Nisalimie wajukuu.

Mdogo wako,
Kitindamimba


Nyumbani,
11 Machi

Kitindamimba,

Habari za paka nimezipokea, na nimempongeza paka. Sasa tuje kwenye bahasha.

Maisha yangu yote ya kazi nimepiga chapa barua za ofisi. Mabosi walikuja, wakaondoka, mimi na mashine tukabaki. Katika barua zote zilizopita mikononi mwangu sikuona hata moja ya kumjulia mtu hali. Serikali haina mate ya kulambia bahasha bure. Ikikuandikia mara ya kwanza, inauliza. Mara ya pili, inakumbusha. Mara ya tatu, imeshajijibu yenyewe.

Nawa mikono. Fungua zote, uanze na ya zamani. Usinieleze zinasema nini, kwa maana nakujua, utaniandikia unachokiogopa badala ya kilichoandikwa. Nakili neno kwa neno. Na kama wifi hajui, mwambie leo hii. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe hata mafua hujui kuyaficha.

Dada yako


Karakana,
15 Machi

Dada,

Nimefungua. Ulisema kweli, hawakunisalimia.

Nianze na lililo zuri: kwa mujibu wa Ofisi ya Kodi, mimi ni tajiri. Nimesoma mara mbili nikihakikisha anwani ni yangu. Barua ya kwanza inaniomba maelezo kuhusu biashara yangu ya kuuza samani. Ya pili inanikumbusha kwamba sijajibu ya kwanza. Ya tatu ndiyo hii, nimeinakili kama ulivyoagiza:

"Afisa wetu alipita mbele ya karakana yako siku kadhaa mfululizo na kuona viti na makochi vimepangwa nje kwa ajili ya kuuzwa. Kila siku vilivyoonekana vilikuwa tofauti na vya siku iliyotangulia, jambo linaloonyesha kuwa vya awali vilikwisha kuuzwa. Kwa kuwa hukujibu barua zetu mbili, tumekadiria mauzo yako na kodi inayotokana nayo, kama inavyoonekana katika karatasi iliyoambatishwa. Kama hukubaliani na makadirio haya, wasilisha pingamizi kwa maandishi, pamoja na sababu na ushahidi, kabla ya tarehe 30 Machi. Usipofanya hivyo makadirio yatakuwa ya mwisho, na ofisi inaweza kuifunga karakana na kushikilia vifaa vilivyomo."

Karatasi iliyoambatishwa sikuinakili. Ina tarakimu nyingi, mwanzoni nilidhani ni namba ya simu.

Vifaa vilivyomo, Dada. Wewe unajua kifaa kilichomo ni kimoja tu. Vingine ni nyundo na mikasi.

Wifi yako nimemwambia. Aliendelea kukunja vitambaa, na alivikunja mpaka vikatosha kuingia kwenye bahasha ya serikali.

Lakini usihofu, jibu nimeshaliandika. Linasema hivi: "Waheshimiwa, mimi ni fundi mnyonge, mgongo unaniuma, nawaomba mnihurumie mniruhusu nilipe kidogo kidogo." Nitalipeleka mwenyewe, pamoja na kigoda kimoja nilichokivalisha ngozi laini, zawadi kwa mkubwa wa ofisi. Mkono mtupu haulambwi.

Mdogo wako tajiri,
Kitindamimba


Nyumbani,
20 Machi

Kitindamimba,

Usipeleke barua hiyo. Usipeleke kigoda hicho. Kama umeshavaa viatu, vivue.

Kigoda kitakufikisha mahali ambapo barua zangu zitakuwa zinasomwa na askari kabla yako. Na barua yako ni mbaya kuliko kigoda. Mtu anayeomba kulipa kidogo kidogo amekwisha kukubali kwamba anadaiwa. Wewe huna deni hilo. Una uvivu wa kufungua bahasha, ambao bado haujatozwa kodi.

Nimeisoma barua yao mpaka nimeizoea. Haina ubaya. Ukipokea barua ya ofisi, tenganisha walichokiona, walichokidhani kwa sababu ya walichokiona, na wanachokitaka kwako na mwisho wake lini. Walichokiona ni kweli: viti viko nje, na kila siku ni vingine. Usibishane na hilo, macho ya afisa ni mazima. Walichokidhani ndicho kibovu. Jibu lako liingie hapo hapo, lisizunguke nyuma ya nyumba kuonyesha mgongo unaouma.

Mimi nimewahi kulala kwako siku mbili na kurudi na kichwa kinagonga kama mlango. Kwa hiyo najua viti vinatoka kwa nini. Ukishabandika sponji, kiti hakiwezi kufungiwa ndani, kinatolewa kupunga upepo mpaka gundi ikauke. Kesho yake kinarudi ndani kushonwa na kinatoka kingine, maana kibaraza chako hakitoshi vyote. Havijauzwa. Havijawahi kuwa vyako hata kwa dakika. Sasa mtu wa ofisini ambaye hajapaka gundi maishani mwake angejuaje? Ilibidi umwambie. Naye alikuomba umwambie, kwa adabu, mara mbili.

Nimeambatisha rasimu. Inakubali walichokiona, inaeleza habari ya gundi, na inaomba afisa aje akague, wenye viti wakiwepo. Nilitaka kukuuliza kama una stakabadhi za kupokelea viti vya watu, nikakumbuka naongea na nani. Wewe unakijua kila kiti kwa makalio ya mwenyewe. Basi, lete wenye makalio.

Nakili kwa mkono wako. Usiongeze kitu. Peleka mwenyewe, wakugongee muhuri kwenye nakala yako, na nakala hiyo ulale nayo kitanda kimoja.

Dada yako


Karakana,
26 Machi

Kwa Afisa wa Kodi,

KUHUSU: PINGAMIZI DHIDI YA MAKADIRIO YA KODI

Nimepokea barua yako ya tarehe 28 Februari.

Ni kweli kwamba viti na makochi hupangwa nje ya karakana yangu, na ni kweli kwamba kila siku huwa ni tofauti. Napinga makadirio kwa sababu viti hivyo haviuzwi. Mimi ni fundi wa kuvalisha viti upya. Viti ni vya wateja. Hutolewa nje ili gundi ikauke, kisha hurudishwa ndani kushonwa na vikatoka vingine. Kipato changu ni ujira wa ufundi, na ujira huo naulipia kodi kila mwaka.

Naomba ofisi imtume afisa aje akague, wenye viti wakiwepo ili wavitambue.

Naomba radhi kwa kutozijibu barua mbili za kwanza. Zilikuwa chini ya ndoo.

Wako mtiifu,
Fundi wa viti


Ofisi ya Kodi,
2 Aprili

Kwa Fundi wa viti,

Pingamizi lako limepokelewa ndani ya muda. Afisa atafika katika karakana yako Alhamisi, tarehe 11 Aprili, saa tatu asubuhi. Kiti ambacho mwenyewe hatajitokeza siku hiyo kitaendelea kuhesabiwa kuwa ni cha kuuzwa. Hakuna hatua itakayochukuliwa dhidi ya karakana kabla ya ukaguzi.

Kuhusu ndoo, tumeelewa.

Afisa wa Kodi


Karakana,
12 Aprili

Dada yangu,

Piga vigelegele, pumzika, halafu piga tena. Tumeshinda.

Afisa amekuja. Ni mwanamke, umri wa binti yako mkubwa, kavaa viatu vya mtu anayetembea kweli, ana kalamu mbili. Alinikuta mlangoni, kifua mbele. Nikamkaribisha kwa ile sauti nzito ya marehemu baba, ile ya kuongea na wageni. Nilikuwa nimeshatoa wito kwa wenye viti, nao wakaitikia mmoja mmoja, mtaa ukafurika. Nikampitisha afisa kiti kwa kiti kama jemadari anayekagua gwaride. Aliniuliza maswali magumu, nikayajibu kabla hajayamaliza. Mwishoni akaniambia makadirio yanafutwa na barua itafuata.

Wifi yako naye alikuwepo, akisaidia saidia.

Nakala yenye muhuri bado nalala nayo. Inakwaruza.

Mdogo wako mshindi,
Kitindamimba


Karakana,
19 Aprili

Wifi yangu, shikamoo.

Barua ya Ofisi ya Kodi imefika leo. Nakuandikia mstari wenyewe, najua utataka uusome: "Pingamizi limekubaliwa, makadirio yote yamefutwa, na karakana iendelee na shughuli zake." Kinyozi ameisoma kwa sauti mbele ya wateja wake, mara ya pili kwa ombi lake mwenyewe. Mume wangu ameishonea fremu ya ngozi yenye vifungo vya shaba, anatafuta ukuta wa kuitundika. Asante, wifi. Bila kalamu yako saa hizi tungekuwa tunaangalia kufuli.

Lile jingine ni dogo. Alinisomea barua aliyokuandikia kabla hajaituma. Nilicheka mpaka nikatafuta ukuta wa kushika. Mimi sisemi kitu, yule ni mume wangu na wewe ni dada yake, nisije nikaonekana mchonganishi. Ila mwulize swali moja tu: afisa alipouliza wenye viti, yeye alikuwa wapi? Na akimaliza hapo, akueleze mimi nilisaidia kipi na nikasaidia tena kipi.

Wifi yako


Nyumbani,
26 Aprili

Kitindamimba,

Hongera. Nimeusoma mstari ule wa Ofisi ya Kodi mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Sasa, nimepokea kiti kimoja kimevalishwa vitambaa viwili, kimoja chako, kingine cha mkeo. Chana vyote viwili unionyeshe mbao. Na ukishafika kwenye mbao, niambie bahasha zile ulizificha kwa nini. Ukiandika neno gundi sitaendelea kusoma.

Dada yako


Karakana,
2 Mei

Dada,

Haya, nachana.

Wito niliutoa kweli. Wiki nzima nilizunguka mtaani nikiwaalika wenye viti, nao wakanichekea, wakaniambia watakuja, kwa ile sauti ambayo mtu akiitumia unajua hutamwona. Kinyozi aliniuliza kama mimi huwa naalikwa mdomoni mwa simba na kwenda na mswaki. Kila mmoja aliogopa kwamba afisa akishaona kiti chake, kesho atataka kuona na duka lake. Na wale ambao viti vyao vilikwisha zamani ila hawajanimalizia ujira wangu walikuwa na simba wawili.

Saa tatu afisa akaingia. Mtaa mweupe. Hakuna mtu, hakuna hata mbuzi. Akasubiri, akatazama viti, akanitazama mimi, akauliza kwa upole kabisa wenyewe wako wapi. Dada, lile swali lingekuwa na ukali ningelijibu. Upole ulinimaliza. Nikamwambia naenda kumletea chai. Karakana haina hata birika. Nikapita mlango wa stoo, nikajisweka katikati ya marundo ya sponji, nikatulia kama panya aliyesikia nyayo.

Aliyetoka kwenda barabarani ni wifi yako. Sikumwona, nilimsikia, kama wote walivyomsikia.

"Afisa yuko ndani anaandika viti," alisema. "Kiti kisicho na mwenyewe leo ni kiti cha kuuzwa, na mume wangu atakiuza kweli ili alipe hiyo kodi. Asiyekuwepo na lake halipo."

Hakurudia. Kinyozi alikuja na wembe mkononi, nyuma yake mteja mwenye ndevu upande mmoja. Mwalimu mkuu alikuja mbio, mtu anayekataza watoto wasikimbie hata mvua ikinyesha. Yule bwana na bibi walioachana mwaka jana waliingia kila mmoja kwa njia yake kudai kochi lile lile, na wifi yako akasimama katikati yao kama mto wa kochi, mpaka afisa akaandika kwamba ni mali ya watu wawili. Kisha wifi yako akawapanga wote mstari, akamwonyesha afisa pa kuanzia. Huko ndiko kusaidia saidia nilikokuandikia.

Afisa si wa kudanganywa kirahisi. Alimtaka kila mtu aseme jambo kuhusu kiti chake kabla hajakigusa. Hapo mimi kwenye sponji nilianza kulengwalengwa na machozi. Mmoja akasema chake hulia upande wa kushoto, afisa akakikalia, kikalia. Mama mmoja mjane akasema chini ya mkono wa kulia kuna tundu la moto wa sigara la marehemu mumewe, na kwamba fundi aliagizwa abadilishe kila kitu isipokuwa hapo. Afisa akainama, akatazama, akaandika. Muda wote huu nimekuwa najisifu kwamba ni mimi ninayevijua viti vya watu. Kumbe kila mtu anakijua chake.

Kisha nikamsikia afisa akisema, "Viti vimepata wenyewe. Ila bado sijaelewa kwa nini vinatoka kwa zamu. Hilo atanieleza fundi. Yuko wapi?"

"Anatafuta chai," wifi yako akasema.

Nikatoka. Nilikuwa na vipande vya sponji kichwani kama kuku aliyenyonyolewa akaachwa nusu. Yale maneno uliyoniandikia, Dada, niliyaacha kwenye sponji. Basi nikafanya ninachokijua. Nikamwomba afisa aingie chumba cha nyuma. Nikafungua debe la gundi, nikapaka sponji moja vizuri, bila haraka, kama ninavyopaka kila siku ya Mungu, halafu nikafunga mlango.

Hakukaa. Alitoka macho mekundu, akashika kizingiti, akavuta pumzi.

"Nimeelewa," akasema. "Hata mimi ningevitoa nje."

Hapo ndipo tuliposhinda. Katika barua yangu ile neno hilo peke yake lilikuwa kweli. Nilishinda, ila nilishinda mwishoni, baada ya wewe kushinda mwanzo na mke wangu kushinda katikati.

Akiwa anafunga kalamu aliniuliza barua mbili za kwanza sikuzijibu kwa nini. Nilimwambia ninachokuambia sasa. Nilipoiona bahasha ya kwanza niliujua muhuri wake, na jicho langu likaenda moja kwa moja kwenye cherehani. Wenzako waliostaafu pamoja nawe walijenga. Wewe ulininunulia mimi cherehani, ukasema mtoto uliyembeba mgongoni hashushwi njiani. Nikawaza kwamba bahasha isipofunguliwa, cherehani inabaki pale ilipo. Sikuwa namwogopa afisa. Nilikuwa naogopa kukuandikia wewe kwamba imechukuliwa. Na nilipokuandikia yale ya gwaride na jemadari, ni kwamba nilitaka mara moja tu usome habari zangu nikiwa nimesimama.

Afisa alitazama cherehani, akaniuliza kama inashona mikoba, maana mkoba wake umeachia kwenye mshono. Nikamwambia akimaliza kabisa shauri langu aulete, nitamtoza kama mtu mwingine yeyote, na nitampa stakabadhi. Ndiyo, Dada, siku hizi nina kitabu cha stakabadhi. Wifi yako anakitunza.

Sasa sikia yaliyofuata. Watu waliokwisha kutamka mbele ya serikali kwamba kiti ni chao hawakuwa na namna ya kukiacha. Wifi yako alijiweka mlangoni, na hakuna kiti kilichompita bila ujira wake. Viti vilitoka vichwani, mabegani, kimoja kwenye toroli, mtaa mzima ukawa unatembea na viti. Bwana na bibi wale walilibeba kochi lao, mmoja mbele mmoja nyuma, bila kuongea, mpaka kwenye kona walipolazimika kuongea ili ligeuke. Mwalimu mkuu alirudi mara tatu. Viwili tu vilibaki, kibarazani, vya gundi mbichi.

Watu walipokwisha, nikafagia. Ile sakafu sijaiona tangu tulipohamia, kumbe ina rangi. Miguu ilikuwa inaniuma, na wifi yako alikuwa amesimama tangu asubuhi, tukatafuta pa kukaa. Hapakuwa na pa kukaa. Fundi wa viti na mkewe, Dada, hawana hata kigoda, kile cha ngozi nacho kilishapata mwenyewe, na viwili vilivyobaki ungekaa ungeinuka navyo. Tukakaa chini, tukaegemea cherehani yako, miguu tumeinyoosha katikati ya karakana tupu, tukacheka mpaka kinyozi akaja kuchungulia. Alipotuona naye akaingia akakaa chini. Na sijawahi, katika kazi yangu yote, kukaa mahali pazuri kama pale.

Mdogo wako,
Kitindamimba